Uyole hadi Matema kwa gari lako: mwongozo kamili wa njia ya Tukuyu

Barabara inayochepuka pale Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi ni barabara ya kazi. Malori ya mafuta, matrela ya mizigo, kosta za Kyela, fuso za viazi na ndizi, bodaboda iliyobeba mikungu mpaka dereva haonekani: wote wanagombea lami hiyo moja. Ndiyo maana watu wengi huimaliza kwa saa tatu hivi wakiwa wamekodolea macho mkia wa lori, na ukiwauliza walichokiona njiani wanakutajia matuta.

Wanakosa mengi. Ndani ya safari moja unatoka kwenye baridi na viazi vya milima ya Uporoto, juu ya mita 2,000, unapita ubavuni mwa mlima Rungwe, unaingia kwenye chai na migomba ya Tukuyu, kisha unaporomoka mpaka kwenye kakao na mpunga wa Kyela, na mwisho unasimama Matema, kwenye mchanga wa Ziwa Nyasa, chini kidogo ya mita 480. Asubuhi umevaa sweta, jioni unatafuta kivuli.

Kanuni ninayoisimamia katika mwongozo huu ni moja: dereva haangalii mandhari. Dereva anaangalia barabara, na mandhari inaangaliwa gari likiwa limezimwa. Kwa hiyo kazi yako kabla ya kuondoka ni kuamua utasimama wapi. Katikati ya kituo na kituo, macho yako ni ya kona na malori tu, na wenye ruhusa ya kushangaa ni abiria.

Anza na breki, si na kamera

Peleka gari kwa fundi siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya safari. Mwambie wazi kwamba unakwenda kushuka milima, ili atoe magurudumu na kuangalia unene wa pedi na hali ya disiki, na viatu vya breki kama nyuma kuna ngoma. Mwombe pia aangalie mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yakishakuwa na maji huchemka mapema breki zinapopata moto. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo ndipo dereva anakanyaga pedeli inazama mpaka chini na gari haliguni. Kama hukumbuki lini yalibadilishwa mara ya mwisho, badilisha. Gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote utakachonunua safarini.

Tairi kipara usiende nalo. Upande wa Rungwe mvua hainyeshi kwa kalenda, na lami yenye manyunyu na matope yaliyoletwa na magurudumu ya fuso huteleza kama sabuni. Angalia upepo wa matairi yote pamoja na spea, kisha hakikisha jeki na spana ya magurudumu vimo ndani ya gari, si nyumbani kwa jirani aliyeviazima. Rejeta ijae, feni ifanye kazi, mipira ya waipa isiwe imekakamaa.

Kwa trafiki, beba leseni, bima hai, kizima moto na pembetatu mbili za kuakisi. Pembetatu hizo utazihitaji hata kama trafiki hakukusimamisha.

Gari dogo linatosha. IST, Noah, Rav4, yoyote yenye afya inafika Matema, maana njia kuu ni lami na kipande cha Kikusya–Ipinda–Matema nacho kimewekwa lami. Gari la juu litakufaa pale tu unapochepuka kwenda vivutioni, hasa wakati wa mvua.

Chagua msimu na saa

Mvua za nyanda hizi huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Machi na Aprili ndipo Rungwe na Kyela hunyeshewa hasa, na tambarare ya Kyela hufurika. Miezi hiyo kila kitu ni kijani, lakini huoni umbali, na njia za vumbi zinageuka tope. Kuanzia Septemba jua lipo, ila moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hufunika milima. Mimi napenda mwishoni mwa Mei mpaka Julai. Hewa imeoshwa, migomba bado inang'aa, na Matema hakuna joto la kukunyima usingizi. Ubaya wake ni baridi ya juu na ukungu wa asubuhi.

Ondoka Uyole kama saa moja na nusu asubuhi, kukiwa kumeshapambazuka vizuri. Ukitoka alfajiri utakutana na ukungu na malori yaliyokesha, na madereva wake wamechoka. Usiku usiende kabisa. Kuna baiskeli zisizo na taa, trela lililoharibika bila kiakisi, ng'ombe, na mtu aliyetoka kilabuni anayeamini barabara ni yake.

Panga siku mbili, ulale Matema. Anayetaka kwenda na kurudi siku moja aishie Tukuyu, na atapata siku nzuri tu.

Kupanda kutoka Uyole

Jaza tangi Mbeya au Uyole. Tukuyu na Kyela vituo vya mafuta vipo, lakini Matema usiitegemee.

Baada ya Uyole unaingia Igawilo na mlima unaanza mara moja. Wewe unapanda, na anayeshuka upande wa pili ni lori lililotoka mpakani na mzigo. Mteremko wa Igawilo unajulikana Mbeya nzima kwa malori yanayofeli breki. Kwa hiyo hapa kaa kushoto, usisogelee mstari wa kati, usisimame kununua kitu pembeni ya mteremko, na ukiona taa zinawaka ovyo na honi ndefu inatoka juu, toka barabarani kabisa.

Injini itakuwa nzito kidogo, na huo si ugonjwa. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Shusha gia mapema, acha izunguke, usiikandamize kwenye gia kubwa mpaka inatetemeka. Tupia jicho geji ya joto. Ikipanda, zima kiyoyozi kwanza. Ikiendelea, tafuta pa kupumzikia, na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini ipoe.

Kuovateki ndiko kunakoua njia hii. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia wakati halina pa kukatia, dereva anakwambia usipite. Akiwasha ya kushoto anakuashiria kwamba mbele ni peupe. Ni adabu nzuri ya barabarani na washukuru kwa honi fupi, lakini aliyeko kwenye kabini ndiye anayeona, si wewe. Subiri mpaka na wewe uone. Trela refu likikata kona hula upande wako, hasa kona za kulia kwako ambapo linaloshuka linahitaji nafasi, hivyo ukiliona linaingia mwachie.

Matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami maana yake kuna gari limekufa mbele. Punguza mwendo kabla hujaliona. Na hata baada ya gari hilo kuondoka, mawe yaliyozuia magurudumu mara nyingi huachwa palepale.

Kituo cha kwanza kiwe huku juu, kwenye vijiji vya Isyonje, Idweli na Ntokela. Tafuta sehemu pana ya kijijini, si bega la kona. Utaona mashamba ya viazi mviringo yaliyopanda vilima mpaka vinapokutana na mawingu, na siku ikiwa safi Rungwe anajitokeza kushoto, karibu mita 2,960 kwenda juu. Ni volkano, na udongo mweusi unaowalisha watu huku ni zawadi yake. Katika misitu ya mlima huo ndimo watafiti walimomwona mwaka 2003 kima aitwaye kipunji. Wenyeji walimjua siku nyingi, ila wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi wampe jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Usitarajie kumwona ukiwa barabarani. Hapo Isyonje ndipo pia inapochepuka njia ya Kitulo na Makete, lakini hiyo ni safari yake.

Ukungu ukikukuta hapa, washa taa za chini. Taa kali zinagonga ukungu na kukurudishia ukuta mweupe. Taa za dharura ni za gari lililosimama. Ukizitumia huku unatembea, wa nyuma hatajua kama unakata kona au umekwama. Kama huoni kabisa, ingia kwenye kituo cha mafuta au uwanja wa duka, kunywa chai, ngoja. Hupanda na kupungua, na mara nyingi huondoka jua linapokolea.

Ngozi au Daraja la Mungu? Chagua kimoja

Watu hutaka vyote siku moja, kisha wanashuka milima ya Kyela gizani. Chagua.

Ziwa Ngozi lipo upande wa kulia, na njia yake inachepukia kijiji cha Mchangani. Ni ziwa la kreta lenye urefu wa karibu kilomita 2.5, limekaa ndani ya kuta za msitu, rangi yake kijani cha ajabu. Gari linakufikisha karibu na msitu, halafu unapanda kwa miguu kwenye njia yenye mizizi na utelezi. Tenga nusu siku. Chukua mwongozaji wa kijijini, lipa ada ya hifadhi mahali panapotolewa risiti, na vaa viatu vyenye meno. Wazee wana simulizi nyingi kuhusu ziwa hili. Zisikilize kwa heshima, usibishane na mtu kwenye kilima chake.

Daraja la Mungu linamfaa mwenye muda mfupi, au mwenye wazazi na watoto garini. Unachepukia mji mdogo wa Kiwira, unafuata njia ya vumbi hadi eneo la Chuo cha Magereza Kiwira. Mto Kiwira unapita chini ya daraja la mwamba wa volkano ambalo hakuna aliyelijenga, na si mbali na hapo kuna Kijungu, ambapo mto mzima unajibana kwenye shimo la mwamba na kuzunguka kabla ya kutoka. Unaingia kupitia geti la Magereza, basi fuata taratibu zao, toa kitambulisho, na kamera iwe ya mto. Majengo, askari na wafungwa hawapigwi picha. Watoto washike mkono. Mawe ya Kijungu yana ukoga wenye maji, na aliyetumbukia mle hatoki mzima.

Tukuyu: kula, poza gari

Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni karibu kilomita 70. Kabla hujaingia mjini, kuanzia Katumba, unaanza kuona chai iliyokatwa sawasawa. Ukitaka picha, egesha kwenye njia ya shamba na uombe ruhusa kwa aliyepo.

Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg, baada ya Langenburg yao ya kwanza iliyokuwa kandokando ya ziwa. Walipenda kilima chenye upepo, na hilo huwezi kuwalaumu. Kwa dereva, Tukuyu ni mahali pa kula mchana na kuacha gari lipoe kabla ya mteremko mkubwa. Agiza ndizi za kupika zenye nyama au maharage. Parachichi ni la msimu, na likiwepo huhitaji kushawishiwa. Usishibe mpaka macho yakaanza kufumba, maana kazi ngumu ya siku ndiyo inakuja. Toa pesa benki hapa au Kyela.

Zunguka gari mara moja. Gusa hewa karibu na kila gurudumu kwa kiganja bila kushika chuma. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake inashika. Muone fundi hapohapo.

Mwenye gari la juu na siku kavu anaweza kuchepuka hadi Masoko, kwenye Ziwa Kisiba, ziwa dogo la kreta lililo karibu na boma la zamani la Wajerumani. Utasimuliwa habari za mali iliyotupwa ziwani wakati wa vita. Maji yenyewe yametulia na yanatosha.

Kushuka: hapa ndipo safari yenyewe ilipo

Baada ya Tukuyu barabara inaporomoka kuelekea tambarare. Masikio yatakuziba, meza mate au tafuna kitu. Joto linapanda kila baada ya dakika chache, na migomba inaanza kuchanganyika na michikichi na miembe.

Madereva wa zamani wana sheria yao: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Ingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Injini ndiyo ishike gari, na breki zisaidie tu. Gari likianza kukimbia kuliko unavyotaka, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo upungue wazi, kisha achia kabisa zipoe. Kinachozichoma ni kule kuzigusa kidogo muda wote, mguu umelala kwenye pedeli kilomita nzima.

Gari la otomatiki nalo lina gia, ingawa wengi hawajawahi kuzigusa. Gari nyingi za Kijapani zina kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Kibonyeze mpaka dashibodi iandike O/D OFF, na gari litaacha kuingia gia ya juu. Mteremko ukizidi, shusha mpaka 2, na pakiwa pakali sana L, lakini kwanza punguza mwendo. Nyingine zina S au B, kazi ni ileile. Injini italia kidogo. Iache ilie, mradi mshale wa mizunguko haujafika kwenye nyekundu.

Fri usipige. Kuna watu bado wanaweka nyutro mteremkoni kwa imani ya kuokoa mafuta. Injini za kisasa zenye mfumo wa sindano hukata mafuta zenyewe unapoachia kanyagio ukiwa kwenye gia, kwa hiyo wanachookoa hakipo, na wanachopoteza ni kitu pekee kilichokuwa kinashika gari.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedeli imekuwa laini, usisubiri mji. Shusha gia, simama pahali tambarare na papana, weka jiwe kwenye gurudumu, panga pembetatu, kaa nusu saa. Maji usimwage kwenye disiki ya moto, inaweza kupinda au kupasuka.

Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na wenye tochi wanajua kivuli kilipo. Zaidi ya tochi kuna watoto wa shule, na huku barabara ndiyo njia yao ya miguu.

Pumzika mara moja katikati, kwenye kijiji chenye nafasi. Tazama kusini. Hewa ikiwa safi utaliona ziwa mara ya kwanza, likiwa mbali kiasi cha kudhani ni wingu.

Kutoka Ibanda hadi mchangani

Ukifika Ibanda, malori yanaendelea na njia ya Kasumulu mpakani, wewe unashika ya Kyela. Utahisi tofauti mara moja, barabara inapumua. Pale Kikusya acha njia ya Kyela mjini na ufuate ya Ipinda na Matema, karibu kilomita 39. Kama unahitaji mafuta, pesa au dawa, ingia Kyela kwanza kisha urudi.

Hapa ni tambarare, na hatari imebadilika sura. Lami imenyooka inakushawishi ukimbie, wakati baiskeli, ng'ombe na mpunga ulioanikwa vipo pembeni kabisa. Mbele yako Milima ya Livingstone inazidi kurefuka mpaka inaonekana imetumbukia ziwani.

Panga kufika Matema saa tisa au saa kumi alasiri. Milima iko mashariki, kwa hiyo asubuhi inakuwa na kivuli, na jua la jioni ndilo linaloifungua, bonde kwa bonde. Kama safari yako iliangukia Jumamosi, ulizia soko la Lyulilo, maarufu kwa vyungu vya Wakisi. Vifunge kwenye kanga na uviweke sakafuni mwa gari, si kwenye buti pamoja na jeki.

Lala chini ya chandarua, mbu wa huku si wa Uyole. Kabla ya kuogelea uliza wenyeji wapi ni salama, kaa mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na ujue kwamba kichocho kipo Ziwa Nyasa, hivyo ukirudi nyumbani ni busara kupima baada ya wiki kadhaa. Samaki wa kuulizia ni mbasa. Asipokuwepo, usipa na mchele wa Kyela havijawahi kumkosesha mtu raha.

Kurudi na mzigo

Hakuna anayetoka Kyela mikono mitupu. Kabla hujapakia gunia la tatu la mchele, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha upepo wa matairi. Gari lililojaa linahitaji upepo zaidi, na kibandiko kinasema kiasi gani. Magunia yalale chini na mbele, karibu na mgongo wa kiti. Ndizi nunua Tukuyu, si Kyela, zisibebwe mlima mzima bure.

Sasa unapanda karibu kutwa nzima, injini ndiyo itakayotaabika. Tembea mapema kabla ya jua la mchana, pumzisha gari Tukuyu, ongeza maji likiwa limepoa. Ukishavuka Isyonje umesahau mteremko mmoja, Igawilo, na safari hii ni wewe unayeshuka, na malori yapo nyuma yako. Ingiza gia nzito mapema. Usijibane mbele ya lori lililosheheni, maana likikosa breki wewe ndiye kizuizi. Tafuta pa kulipisha, lipite, kisha shuka ukiwa umeliacha mbali.

Ukiegesha nyumbani breki zikiwa bado za moto, acha gari kwenye gia au P na uweke jiwe badala ya kukaza hendibreki. Usilioshe mpaka kesho. Na kesho hiyohiyo, kabla fundi hajapata wateja wengi, mwache aangalie tena pedi.